Saa ya Mzamiaji kwa Mkono Mwembamba

Garissa ni mji ulio mbali na bahari. Mtu wa kwetu Mwambao akitaka kwenda huko hupanda basi Mombasa, akapita Malindi, Garsen na Hola, akala vumbi la kumtosha, na akishavuka daraja la Mto Tana ndipo husema amefika. Basi msomaji atastaajabu nikimwambia kwamba safari yangu ya juzi sikwenda kuangalia ngamia wala kusikiliza siasa. Nilikwenda kuchagua saa ya mkono. Tena si saa yoyote, bali saa ya wazamiaji, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaoshuka chini ya maji kwa makumi ya mita.

Aliyeniita ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mzaliwa wa Kizingitini katika kisiwa cha Pate, ambaye kwa miaka kadha sasa ana duka la vikoi, leso na viatu katika Soko Mugdi. Majirani zake Wasomali wamemchukua kama ndugu, na wakijua kuwa mimi ni mjomba wake nao huniita "abti", neno ambalo kwa lugha yao ni huyo huyo mjomba, ndugu wa mama. Aliniletea ujumbe kwa simu: "Mjomba, Mungu amenijaalia. Nataka saa ya haja kutoka Dubai, kuna rafiki yangu anakwenda mwezi ujao. Njoo unisaidie kuchagua, nisije nikajuta."

Alijua anamwita nani. Mimi ni mgonjwa wa saa tangu utotoni. Nilipokuwa nikitoka chuoni adhuhuri, juzuu kwapani, badala ya kwenda nyumbani kula nilikuwa nikikaa barazani kwa fundi saa mmoja wa Mji wa Kale, nikimtazama akipuliza vumbi kwenye magurudumu madogo kama mbegu za mchicha. Bakora nilizopata kwa kuchelewa nazikumbuka mpaka leo, na magurudumu yale pia.

Walakini sitaki msomaji adhani haya ni mambo ya anasa tupu, kwa hiyo kwanza nitasimulia habari za shemeji yangu, Mungu amrehemu, babake kijana huyu. Alikuwa mzamiaji wa kamba. Wazamiaji wa Kizingitini na Kiunga huzama kwa pumzi zao wenyewe, miwani usoni na kijiti mkononi. Hawana mtungi wa hewa wala saa, huhesabu moyoni. Mwaka mmoja mnunuzi wa kamba, kwa furaha ya msimu mwema, alimpa shemeji yangu saa kubwa ya kuzamia iwe bahashishi yake. Basi ilikuwa ni kichekesho. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama wa msichana, na saa ikawa inamzunguka kama bangili, leo uso uko juu, kesho uko chini. Siku ya tatu aliingia nayo majini, akatia mkono katika pango la jiwe kumfuata kamba, akautoa mtupu. Jiwe lilikuwa limemvua saa. Alizama tena na tena mpaka jua likashuka, asiione. Watani wake gatini wakasema kamba wa pale sasa wanajua saa ya kujificha. Yeye akacheka nao. Nyumbani hakucheka, na mwanawe, aliyekuwa na miaka saba au minane, akamwona.

Mwana huyo ndiye huyu wa Garissa, na mkono aliorithi ni ule ule.

Nilipomkuta dukani tayari alikuwa ameshachagua, kama wafanyavyo wengi waombao shauri. Alinionyesha katika simu yake picha ya saa moja ya milimita 44, nzito, kioo kama kifuniko cha chupa ya jemu. "Hiyo ndiyo, mjomba. Mtu akitoa milioni isionekane?" Nikamwuliza hapa Garissa atazamia wapi. Akajibu kwa swali lake: "Na mwaka 2023 nilizamia wapi?"

Hapo alinishika. Mvua za mwisho wa mwaka 2023 zilipokuja baada ya ukame wa misimu mitano mfululizo, Tana ilitoka kitandani mwake, barabara ikakatika kati ya Garissa na Madogo, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa matatu. Mwaka uliofuata mambo yalirudi yale yale, na mwezi wa Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha abiria kwenye mafuriko hayo, sehemu za Kona Punda, ilipinduka ikapoteza roho za watu. Mpwa wangu alivuka salama katika mafuriko yale ya kwanza, amebeba furushi la mali kichwani na maji yakimfika kifuani. Saa yake ya betri ilikuwa imeandikwa nyuma kwamba inahimili maji mita 30. Ilisimama siku ile ile, na ukungu ukajaa ndani ya kioo.

"Maji yenyewe hayakufika mita mbili," akasema kwa uchungu, "nao wameandika 30!"

Nikamweleza, na nadhani wako wengine wanaohitaji kuelezwa. Mita 30 zilizoandikwa nyuma ya saa si ruhusa ya kuzama mita 30. Ni kipimo cha nguvu ya maji ambayo saa ya namna ile ilijaribiwa nayo ilipokuwa mpya, mipira yake ya kuzibia ikiwa bado laini. Saa ya namna hiyo huvumilia manyunyu na kunawa. Na ile mipira, nyembamba kama uzi, hukauka kwa miaka, kwa jasho, kwa sabuni na kwa joto, na Garissa, mji ambao nyuzi 35 si habari ya kumshangaza mtu, ina joto la kuikausha. Ama saa ya wazamiaji hasa ina kanuni yake ya kimataifa, nambari 6425, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982. Kwa kanuni hiyo lazima saa ihimili mita 100 kwa uchache, ijaribiwe kwa nguvu inayozidi robo ya ile iliyoandikwa, isomeke gizani, na iwe na njia ya kuhesabu dakika za kuzama. Njia hiyo aghalabu ni ile pete ya juu inayozungushwa kwa vidole. Mzamiaji huleta alama yake mbele ya akrabu ya dakika, kisha akashuka. Pete huzunguka upande mmoja tu, kwa sababu ikigongwa na jiwe ikasogea, iseme muda uliopita ni mwingi kuliko ulivyo, mtu apande mapema na si kuchelewa. Yule aliyebuni jambo hilo alikuwa na akili ya nahodha.

Saa hizi tuzionazo leo zilianza mwaka 1953. Mwaka huo Rolex ya Uswisi iliunda Submariner yake, na Blancpain, ambayo mkuu wake Jean-Jacques Fiechter alikuwa mzamiaji mwenyewe, ikatoa saa iliyokubaliwa na wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Ufaransa. Jina walilolipa ni Fifty Fathoms, na hapo mimi hutabasamu kila nikilisoma, maana kwa Kiswahili ni Pima Hamsini. Pima yetu ile ile ya mabaharia, mikono miwili ikinyoshwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole! Pima 50 ni kama mita 91. Kumbe hata hao Wazungu walipotaka kuisifu saa yao kwa kina cha bahari walikwenda kuazima kipimo katika mikono ya mtu.

Na sisi tulipimaje vitu kabla ya rula? Kwa wanda, shibiri, dhiraa na pima, na zote ni mkono. Nikamwambia mpwa wangu, "Basi tuanze kwenye mkono wako, mambo ya dukani Dubai yatakuja baadaye." Tukachukua uzi tukauzungusha kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, tukaulaza juu ya futi ya fundi cherehani wa jirani. Sentimita 15 na nusu. Kisha tukapima upana wa juu, pale penye ubapa saa inapokaa: milimita 50, si zaidi.

Watu wengi hukosea hapa. Muuzaji akikutajia milimita 42 au 44 anataja upana wa duara la saa tu. Hakutajii urefu kutoka vipembe vya juu vinavyoshika mkanda hadi vipembe vya chini, na huo ndio unaoamua. Urefu huo ukizidi ubapa wa mkono, vipembe vitaning'inia hewani pande zote mbili kama ngalawa iliyopandishwa juu ya jiwe, mkanda hautagusa ngozi vizuri, na saa itatembea. Saa za milimita 44 aghalabu hupita 50 kutoka pembe hadi pembe. Unene nao una neno lake. Saa nene juu ya mkono mwembamba hupinduka upande kwa uzito, kama mtungi kichwani mwa asiyezoea.

Tukakata maboksi ya viatu. Tulifanya miduara mitano, ya 37, 39, 41, 42 na 44, kila mmoja na vipembe vyake kwa urefu nilioujua, na kuivalisha mkononi kwa utepe. Wateja waliingia kununua kandambili wakamkuta mwenye duka amevaa saa za karatasi. Mama mmoja aliyefunga mtandio wa manjano alisema kwa Kiswahili safi kwamba ile ya 44 ingemfaa mumewe, ambaye ana mkono kama gogo la mkungu, lakini kijana huyu itamvunja. Duka zima likacheka. Mpwa wangu aliivua ile ya 44, akaiweka kando bila kuitupa.

Jioni alinipeleka kwenye soko la mifugo, kwa maana ana ubia mdogo katika mbuzi na dalali mmoja mzee. Soko la Garissa ni katika makubwa ya upande huu wa Afrika, na madalali wa Kisomali wana desturi yao ya kale ya kutaja bei kwa vidole chini ya nguo. Wawili hushikana mikono, shuka ikafunika, na mfumbato wa kidole hiki ukawa maelfu na wa kile mamia, huku nyuso zao kavu kama za watu wanaozungumza habari ya mvua. Yule mzee alimshika mpwa wangu mkono chini ya shuka kumwonyesha. Nilikuwa nimemwazima saa yangu mwenyewe aijaribu, Seiko ya milimita 38, ya mita 200, ile SKX013 ambayo Wajapani waliacha kuitengeneza mwaka 2019. Mzee akapapasa kidogo, akasema, "Hii haina matata. Kubwa hukwaruza mkono wa mwenzako, naye akihisi chuma atajua una pesa, bei itapanda." Nimesoma mengi juu ya saa katika maisha yangu na sijapata kuona shauri hilo limeandikwa popote.

Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini basi asinunue Seiko kama yangu, akabaki na pesa zake. Kwa ukweli wa mambo ndivyo ningefanya mimi. Wajapani hao wamekuwa wakitengeneza saa za wazamiaji tangu 1965, na mtu hatazami chini akivaa kazi yao. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hiyo ni saa yako wewe, mjomba. Mimi namnunulia mtu mwingine saa, naye hayuko." Sikurudia tena.

Adhana ya magharibi ikatukuta njiani, tukaingia msikiti wa karibu. Birikani ndiko nilikoelewa kwa nini mji usio na bahari unahitaji saa za maji. Mtu wa Garissa hazamii pima hamsini, lakini mara tano kwa siku hupandisha maji hadi kwenye viwiko, na kila mara saa yake iko njiani. Mkanda wa ngozi huoza kwa mwaka mmoja. Na katika Safina, kitabu tulichosomeshwa sisi wa Mwambao na wao Wasomali vile vile kwa kuwa sote ni Mashafii, moja katika masharti ya udhu ni pasiwe na kitu kinachozuia maji kufika ngozini. Saa iliyobana lazima isogezwe au ivuliwe. Nilitazama mstari wa watu wakitawadha. Wenye saa kubwa walizivua wakazitia mfukoni au wakaziweka ukutani, na nikajiuliza ni ngapi zimesahaulika ukutani hapo. Mwenye saa ndogo yenye mkanda wa chuma uliopimwa vizuri huisukuma juu kidole kimoja, maji yakapita, akairudisha.

Habari ya dhahabu ilikwisha kwa maneno mawili. Rafiki wa Dubai alikuwa amependekeza yenye pete ya dhahabu kwa kuwa inang'aa. Dhahabu ni haramu kwa wanaume wetu, nasi hatukutaka kuingia katika hesabu ya kiasi gani ni rangi na kiasi gani ni madini. Chuma cha pua kinatosha, na kwa joto na jasho la huko ndicho bora. Wanawake wao wana ruhusa, na kwa miaka mingi viwanda viliwafanyizia vijisaa vya mapambo visivyohimili hata kufua nguo. Siku hizi saa ya milimita 36 au 37 yenye nguvu kamili ya kuzama yaweza kuvaliwa na mke na mume, na hilo limewafaa sana watu wa mikono kama ya mpwa wangu.

Usiku tulikaa juani, maana hivyo ndivyo nilivyozoea kuiita sakafu ya juu ya nyumba yake hata mwezi ukiwa umetoka, tukachuja majina. Submariner ilikuwa milimita 40 kwa miaka mingi, mwaka 2020 ikaongezwa kuwa 41, na bei yake imepita milioni moja ya shilingi. Kwenye mkono wake ilikaa ukingoni kabisa. Seamaster ya Omega ya mita 300 ni 42, ikatoka. Tudor, ambayo ni ndugu mdogo wa Rolex, ina Black Bay mbili za kutazamwa. Ya kwanza ni ya milimita 39 iliyotolewa 2018. Ya pili ni ya 37 iliyotolewa 2023, iitwayo 54 kwa kumbukumbu ya mwaka 1954 kampuni hiyo ilipotoa saa yake ya kwanza ya wazamiaji. Hii ya pili ina unene wa milimita 11 na kidogo, urefu wa 46 kutoka pembe hadi pembe, na inahimili mita 200. Nayo si rahisi, ni zaidi ya nusu milioni. Walakini 46 juu ya mkono wa 50 huacha wanda mwembamba wa ngozi kila upande, na hapo ndipo saa inapokaa kama imezaliwa hapo.

Nilimpa masharti ya kumpa rafiki yake. Anunue kwa wakala anayetambuliwa na kiwanda, si kwa mtu wa uchochoroni, kwani za bandia ni nyingi na nyingine zimefanyizwa kwa ustadi wa kutia machozi. Achukue hati ya dhamana yenye nambari ya saa na tarehe. Atoe vipande vya mkanda hapo hapo dukani kwa kipimo cha sentimita 15 na nusu, aviweke vile vipande asivitupe, kwa sababu mkono huvimba kidogo kwa joto la alasiri ya Garissa na huenda kimoja kikahitajika. Na kila baada ya miaka michache fundi mwenye chombo cha kujaribia maji aitazame mipira.

Mpwa wangu aliandika yote. Kisha akauchukua ule mduara wa karatasi wa 44 alioweka kando, akautazama. "Ile ya baba ilikuwa kama hii," akasema. Nikamwambia ilikuwa kubwa zaidi.

Saa ilifika. Pesa zilizobaki alinunulia shehena ya viatu vya shule. Idd iliyofuata tulikutana Kizingitini nyumbani kwa dada yangu, na asubuhi ya mosi, baada ya sala na kahawa, alivua kanzu akashuka majini pale karibu na gati, mahali palepale. Mimi na dada yangu tulisimama juu tukitazama. Maji yalikuwa safi, tukamwona akishuka, mkono mweupe wa chuma ukimeta, kisha kivuli cha jiwe kikamfunika. Dada yangu midomo yake ilikuwa ikicheza, nikadhani anasoma dua.

Kijana akazuka akihema, akainua mkono juu. Saa ilikuwa pale pale, uso juu.

"Umekaa muda gani chini?" nikampigia kelele.

Akaitazama, akaitazama tena. Alikuwa amesahau kuzungusha pete.

"Mimi nimehesabu," dada yangu akasema. "Sitini na nne."

Akageuka kwenda jikoni kupakua pilau.